Saumu Alikataa Kutoka, Simenti Ikamwagwa Nusu

Jembe lilitua kando kabisa ya goti lake.

Pwaa!

Udongo ukaruka, ukamwingia machoni, ukamwingia mpaka mdomoni. Saumu hakusogea.

"Mama, toka! Nitakukata mguu!"

"Kata."

"Mama..."

"Kata, fundi! Ukishaukata utabaki humu humu ndani. Mi sitoki!"

Fundi Anatole akaweka jembe chini, akajifuta jasho. Tangu aanze kazi ya kujenga, alikuwa amegombana na mawe, mvua na mchwa. Mjane aliyejifunika nguo nyeupe gubigubi, uso ukutani, akikataa kunyanyuka... huyo alikuwa mgeni kwake.

Na nje? Nje shemeji mtu, Swedi, alikuwa amekalia mfuko wa simenti, viatu vinang'aa, anapiga mluzi!

Ndiyo, bandugu. Swedi yule yule aliyelia kwenye mazishi kuliko mjane mwenyewe!

Ngojeni, msianze kumtukana. Haya, anzeni, lakini mjue kwanza sababu.

Hapa ni Baraka, mji wa kando ya ziwa, miaka ya hamsini na kitu, wakati wa utawala wa Wabeleji. Mume wa Saumu aliitwa Bilali, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, leo yuko Kazimia, kesho yuko Ujiji. Huko Ujiji ndiko alikonunua zulia jekundu, akalitandaza chumba kizima juu ya udongo. Bamama walikuwa wanavua viatu mlangoni hata kama hawana viatu!

Kisha Bilali akafa. Homa tu, akaenda.

Saumu akaingia eda, akae ndani mpaka siku zake zitimie, kama desturi ya Waislamu. Wazee wa ukoo wakakaa, wakakata neno: Saumu akimaliza eda katika nyumba ya mumewe, nyumba ni yake. Akitoka akalala kwingine kabla ya kumaliza, ameiacha, na nyumba inarudi kwa ukoo.

Na ukoo ni nani? Ukoo ni Swedi.

Basi mvua za mwaka ule zikanyesha kwa hasira. Maji yakapita chini ya ukuta, zulia likalowa, likaoza, likanuka kama kapu la ndagala lililosahauliwa. Funza wakahamia vidoleni mwa Saumu bila hata kupiga hodi.

Mjane wa eda haendi kupatana na mafundi barabarani. Akamtumia shemeji yake salamu: nitafutie fundi aondoe zulia hili, aniwekee sakafu ya simenti.

"Shemeji, we tulia," Swedi akajibu akiwa mlangoni, sauti imejaa asali. "Simenti nitanunua mi mwenyewe. Bilali alikuwa damu yangu."

Saumu alilia kwa shukrani. Alimwombea dua! Mnasikia? Dua!

Siku ya kazi ikafika. Zulia likatolewa. Jembe likaanza. Ndipo Pulchérie, jirani yake Mkatoliki mwenye kicheko cha kusikika mpaka ziwani, akaingia na furaha zake.

"Dada, twende! Kitanda iko tayari kwangu."

"Kitanda gani?"

"Swedi alisema utalala kwangu mpaka simenti ikauke. Haraka, kabla Mzee Useni hajafika."

Saumu akageuza shingo polepole.

"Mzee Useni anakuja kufanya nini?"

"Eti kuangalia nyumba. Yeye na wazee wengine. Leo leo."

Mzee Useni ndiye mkubwa wa ukoo. Ndiye aliyekata neno la eda. Na leo, siku ambayo Saumu anapelekwa kulala kwingine, ndiyo siku anayoitwa kuja kuangalia nyumba?

Saumu hakulia. Machozi alikwisha kuyatumia vibaya, kwenye ile dua.

Akaketi katikati ya chumba. Na hapo ndipo jembe lilipotua kando ya goti, kama mlivyoona.

"Fundi Anatole," akasema sasa, "bugali unakula namna gani?"

"Mama?"

"Unaumeza wote mara moja?"

"Hapana. Namega."

"Basi mega chumba. Nusu ya mlangoni leo. Mi nakaa nusu hii ya uani. Ile ikikauka nahamia kule, we unamaliza huku. Ua uko ndani ya nyumba, chakula Pulchérie ataniletea kwa nyuma."

Anatole akakuna kichwa. "Itakuwa na mstari katikati."

"Nitaukanyaga kwa furaha."

"Bwana Swedi amesema yote mara moja. Amenihimiza nichanganye simenti nyingi tangu asubuhi, imebaki mifuko michache tu!"

"Imeshakunywa maji?"

Fundi akatazama nje, lile rundo la kijivu linaanza kukaza chini ya jua.

"Imeshakunywa."

"Inangojea kesi?"

Anatole akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Hapana, Mama. Simenti haingojei kesi!"

Wakatundika kitambaa katikati ya chumba. Saumu akabaki nyuma yake na sanduku lake la nguo limechungulia ukingoni. Pulchérie akabeba godoro kwenda kuliweka kwake lisiingie vumbi. Anatole akapanga mawe, akamwaga, akapiga magoti juu ya ubao, akalainisha, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Ile iliyobaki akaizungusha kwa nyuma mpaka uani, akamtengenezea Saumu mahali pa kuoshea vyombo. Akaenda kula.

Sasa Swedi yuko wapi?

Swedi alikuwa amekwenda kuwaita wazee kabla chumba hakijamegwa. Akiwa bado anakwenda, njiani akaona nini? Godoro la Saumu juu ya kichwa cha Pulchérie!

Moyo ukampasuka kwa raha. Godoro limetoka, mwenyewe atakuwa ametangulia! Wakati wa kurudi akakimbia mbele ya wazee ili amalizie kazi.

Akachungulia mlangoni.

"Shemeji?"

Kimya.

Jamani, Saumu alikuwa anaswali adhuhuri! Na adhuhuri haisomwi kwa sauti. Alimsikia vizuri kabisa, lakini yuko mbele ya Mola wake, atamjibuje Swedi?

Swedi akaliona sanduku. Akaona, nikilitoa hili nje, wazee wakikuta sanduku njiani na godoro kwa jirani, nani atauliza swali?

Akaingia mbio, macho kwenye sanduku tu.

Chwaa... chwaa... chwaa!

Nyuma ya kitambaa, Saumu akasujudu. Chwaa ikaja mpaka karibu na kichwa chake. Sanduku likanyakuliwa. Chwaa zikarudi zilikotoka.

Saumu akamaliza swala yake taratibu. Akatoa salamu kulia. Akatoa salamu kushoto. Na uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa unacheka.

Wazee wakafika. Mzee Useni mbele na fimbo yake, watu wa mtaa nyuma, maana Baraka haijawahi kukosa watu wa nyuma.

"Mnaona?" Swedi akapaza sauti, mkono juu ya sanduku. "Ameondoka! Nimesimama hapa mlangoni, nimeita, hakuna muntu. Eda ameivunja. Mi naumia, lakini neno ni neno..."

Mzee Useni akasogea mlangoni.

"Saumu?"

"Labeka, baba!"

Eeeh! Mwanamke mmoja akaangusha kapu.

"Uko wapi, mutoto wangu?"

"Nyumbani kwangu, baba. Nyuma ya kitambaa. Sijatoka tangu muliponiweka."

"Na sanduku lako?"

"Limepita na mwenye viatu."

Mzee Useni akainamisha macho. Juu ya simenti mbichi, kutoka mlangoni mpaka kwenye kitambaa, na kutoka kwenye kitambaa mpaka mlangoni, nyayo. Nzito. Zenye kisigino.

Anatole, aliyekuwa anarudi na mdomo bado unatafuna, akainua mguu wake mtupu watu wauone.

"Mi sina viatu. Muniangalie vizuri."

Hakuna aliyemwangalia. Macho yote yalikuwa yameteremka kwenye viatu vya Swedi. Vilikuwa vya kijivu mpaka kwenye kamba.

"Umeingia chumba cha mjane wa eda?" Mzee Useni akauliza polepole. "Peke yako? Wewe ambaye kesho ungeweza kumwoa?"

"Nilikuwa... nilikuwa naangalia kama imekauka!"

Kutoka nyuma ya kitambaa:

"Shemeji, simenti inaangaliwa kwa kidole! Si kwa kutembea mpaka kitandani kwa muntu!"

Barabara nzima ikacheka. Pulchérie alicheka mpaka kule Kazimia wakajua Baraka kuna habari.

Mzee Useni hakucheka. Akagonga fimbo.

"Eda haikuvunjwa na aliye ndani. Aliyeingia kutoka nje ndiye aliyeichafua. Nyumba ni ya Saumu. Tusingoje siku zitimie, mi nasema leo, mbele ya bantu wote hawa."

Swedi akatoka jasho, kisha akapandwa na hasira.

"Basi nipewe simenti yangu! Mi ndiye nilinunua! Naichukua yote!"

Anatole akamwonyesha sakafu kwa kidevu.

"Iko pale, Bwana Swedi. Chukua."

Nasikia hata Mzee Useni pale alilazimika kugeukia ukuta kuficha kicheko.

Fundi akachukua mwiko, akauliza, "Mama, hizi nyayo nizifanyeje? Wengine wangeziacha ziwe ushahidi."

"Zilainishe zote! Ushahidi bantu wanao mdomoni. Mi sitaki kuamka kila asubuhi naangalia mguu wa Swedi!"

Nusu ya pili ilimwagwa ya kwanza ilipokauka, kwa mifuko ile ile ya Swedi iliyokuwa imebaki, maana Mzee Useni aliamuru isitoke uani. Saumu alihamia upande wa pili bila kukanyaga barabara. Eda ikatimia. Akaoga, akavaa kitenge kipya, na siku yake ya kwanza ya kutoka nje hakwenda sokoni. Alichagua njia inayopita mbele ya nyumba ya Swedi. Akaipita polepole sana, kama mtu anayehesabu majani. Mwisho wa njia akageuka...

Akaipita tena!

Sasa, wewe unayesoma hapa na kusema siku hizi mambo hayo yamekwisha. Kuna mtu anakuonea huruma sana wiki hii. Anakuletea, anakubebea, anakulipia, na kazi moja tu anakuomba: upishe kidogo.

Usimtukane. Usirudishe zawadi yake, rafiki yangu, wewe si tajiri.

Pokea simenti. Sema asante kwa heshima zote.

Halafu kaa!