Kupe wa Bi. Kazija

Kupengozi, kupe wa mashine anayevishwa wagonjwa hospitalini, alikuwa na ukubwa wa punje ya dengu, miguu minane ya dhahabu nyembamba kuliko unywele, na kazi moja tu hapa duniani: kung'ang'ania doa. Wiki ile alikuwa amejishikiza chini ya unyayo wa kushoto wa Bi. Kazija Ame, fundi wa minara ya kukamua mawingu pale Unguja, akilisoma doa jeusi lisilofikia upana wa ukucha. Alizichungulia seli zikizaliana, akapima kama zinazaliana kwa adabu au kwa fujo. Zikiwa na fujo, hiyo ni saratani ya ngozi. Kazi hiyo ilitaka siku sita kamili, na haikuharakishwa hata ungekuwa gavana wa Mwezini.

Zamani, husimuliwa, mgonjwa alikatwa kipande cha ngozi, akarudi nyumbani kungoja karatasi moja ya majibu. Karne hii ilijiona ina huruma zaidi. Sheria ilisema mgonjwa ana haki ya kujua kila kinachojulikana, papo hapo kinapojulikana. Basi kila saa ilipogonga, kipuli alichovishwa Bi. Kazija sikioni kilisema kwa sauti laini ya mwanamke aliyeshiba: "Uwezekano wa saratani, asilimia thelathini na moja. Uwe na saa njema."

Siku sita ni saa mia moja arobaini na nne. Usiku wa kwanza alikivua kipuli, akakitia kabatini. Sauti ikahamia kwenye birika, mpaka akakivaa tena. Waliotunga sheria walikuwa wameshawafikiria watu kama yeye.

Thelathini na moja ikawa ishirini na tisa, akala wali. Ikawa arobaini, akasukuma sahani. Siku ya tatu, juu ya mnara, alikamua wingu ambalo halijakomaa, na mvua ya mawe ikateremkia sokoni, pweza wa watu wakaganda mezani huku wenyewe wakitazamana.

"Bi. Kazija," alisema Makame, mwenzake wa zamu, "leo umetupa barafu na hakuna aliyeiagiza."

"Nilikuwa nasikiliza kitu."

"Ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Mama yangu alivaa kupe huyo huyo. Kila saa ikigonga unasimama kama mtu aliyeitwa jina. Ngapi?"

"Arobaini."

Makame akageuka, akaanza kukaza bomba lililokuwa limekwisha kukazwa.

Kwa binti yake, Zuwena, hakusema neno. Zuwena alikuwa kituo cha anga, siku mbili kabla ya kuondoka na chombo kinachokwenda sayari ya Mshtarii. Nafasi hiyo aliisomea miaka kumi na mmoja. Bi. Kazija aliapa kwamba msichana ataondoka na moyo mweupe.

Siku ya nne unyayo ukawaka. Kupe akifanya kazi hutoa joto, na siku hiyo alifanya kazi kama anakimbizwa. Hospitali walikuwa wamekataza mafuta na dawa yoyote. Lakini hina si dawa, hina ni hina. Mama yake aliipaka nyayoni kila kiangazi ili joto litoke, na bibi yake kabla yake. Bi. Kazija akaikanda kwa ndimu, akaufunika unyayo wote pamoja na kupe, akanyoosha mguu juu ya kigoda. Baridi tamu ikampanda hadi gotini. Kwa mara ya kwanza wiki ile, alisinzia.

"Asilimia sitini na mbili. Uwe na saa njema."

Saa iliyofuata, themanini na nane. Kisha tisini na saba.

Akampigia Zuwena. Kiapo kilikwisha palepale.

"Mama, una uhakika?"

"Tisini na saba, mwanangu. Njoo unione."

Nyuma ya sauti ya binti yake Bi. Kazija alisikia watu wakicheka huko juu, wakifunga mizigo.

"Nakuja," akasema Zuwena.

Asubuhi, hospitalini, Dakta Pandu aliuinua mguu, akauona umekolea rangi ya chungwa bivu.

"Hii nini, Bi. Kazija?"

"Hina."

"Si tulikukataza?"

"Mlikataza dawa na mafuta. Nani alitaja hina?"

Daktari akavua miwani. Kupe, alieleza, huzitambua seli zenye fujo kwa rangi yake iliyokolea. Hina imezama ngozini, imezipaka zote, nzuri na mbaya, na kupe akaziona zote zimeharibika. "Hiyo tisini na saba ni ya hina. Nitakwangua tabaka la juu, nikuwekee kupe mwingine. Siku sita."

"Kwa hiyo sina?"

"Sikusema huna. Nimesema hatujui."

Alirudi nyumbani akichechemea, kupe mpya unyayoni, akaanza kupiga kituo cha anga. Alipopokelewa, aliambiwa fundi Zuwena ameteremka alfajiri, na chombo kimeondoka na mtu mwingine.

Zuwena aliingia alasiri na begi moja. Alisimuliwa yote akiwa bado amesimama.

"Hina," akasema.

"Hina."

"Miaka kumi na mmoja, mama."

"Rudi. Waambie mama yako mjinga."

"Nirudi wapi? Kimeshakwenda. Kingine ni baada ya miaka tisa."

"Basi ungeniuliza vizuri, mtu mzima wewe na elimu yako yote."

"Niliuliza. Ukanijibu kwa asilimia."

Bi. Kazija akasema afadhali asingezaa mtoto msikivu. Zuwena akajibu kwamba usikivu huo hakuuokota barabarani. Wakaendelea hivyo, huyu akilia, huyu akikataa kulia, chai ikaota utando vikombeni, mpaka Zuwena akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

"Ya saa kumi ilikuwa ngapi?"

Bi. Kazija akaligusa sikio. Kipuli kilikuwapo. Akaitafuta sauti ile kichwani, akaikosa.

"Sikuisikia," akasema.