Jina Alilolifuta Lorna

Haya yalimpata shemeji yangu Lorna, mke wa kaka yangu, na Lorna si mtu wa kuzua. Akikwambia chai ina sukari vijiko viwili, usijisumbue kuonja. Sehemu ya mwisho nimeiona mwenyewe, nayo ndiyo inayonifanya nikae na taa zimewashwa mchana.

Maisha yake yote Lorna aliandika programu kwa Kobol, lugha ya kompyuta za zamani zile zilizojaza chumba kizima, katika mfuko mmoja wa pensheni hapa Cedar Rapids. Alikuwa ameshastaafu, anaoka vikeki vya kolache na kugombania rimoti na kaka yangu, walipomwomba arudi kwa muda. Kompyuta kubwa ilikuwa inang'olewa, na faili la marehemu lilipaswa kupekuliwa kabla ya kuhamishiwa kwenye mpya. Vijana wa ofisini hawakutaka hata kuigusa lugha ile. Walimletea kahawa na kumwachia kazi.

Faili la marehemu lina kila mwanachama aliyefariki tangu mfuko uanze. Ni mistari mamilioni, mmoja kwa kila mtu. Ukitafuta jina humo, programu huanza na mstari wa kwanza, ikausoma, ikaulinganisha na jina ulilotaja. Siye? Inakwenda wa pili. Siye? Wa tatu. Hairuki hata mmoja, na haichoki.

Programu ya kutafuta ikishaandikwa, hujaribiwa kwa jina ambalo lazima likosekane, ili uone kama itafika mwisho na kukiri kwamba haikuona kitu. Kwa jaribio hilo, mzee Bohumil Havlik aliyemfundisha Lorna kazi alikuwa na mwiko. Alijaza herufi Q mstari mzima, na hakukubali kitu kingine. "Jina la mtu aliye hai haliulizwi humu," alikuwa akisema. Lorna na wenzake walimcheka hadi alipozikwa.

Ijumaa ile baada ya chakula cha mchana theluji ilianza kushuka, na watu wakaruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Walibaki Lorna na msimamizi wake, Curtis.

"Mama, utamaliza leo kweli? Barabara zitafungwa," Curtis alimwambia.

"Wewe tangulia kwa mkeo kabla hajabadilisha kufuli. Mimi namalizia jaribio."

Kisha akampigia mumewe.

"Usiguse koleo. Daktari kasemaje kuhusu moyo wako?"

"Daktari ana wa kumzolea theluji. Mimi nina mikono yangu tu," kaka yangu akajibu, akakata simu.

Lorna akasonya. Akiwa bado na hasira, na mikono i juu ya vitufe, alimwandika huyo huyo mkaidi wake. Jina lote, kama lilivyo kwenye cheti cha ndoa. Aliamini kwamba kama kuna jina ambalo halimo kwenye faili lile, ni hilo.

Programu ikaanza kusoma. Lorna akamenya chungwa.

Skrini ikaandika: LIMEPATIKANA.

Alidhani ni wajina wa mumewe. Akaufungua mstari wenyewe. Mwaka wa kuzaliwa ni wa mumewe. Mtaa ni wao. Mke: Lorna. Alikuwa na kipande cha chungwa mdomoni, na hakukimeza.

Tarehe ya kufariki ilikuwa Jumapili. Jumapili ya keshokutwa.

"Curtis," alinong'ona. "Nani ameingiza mtu kwenye faili hili?"

"Hakuna. Limefungwa siku nyingi, hata mimi siwezi." Curtis aliinama, akasoma. "Ni mzaha wa mtu."

"Wa nani?"

Curtis alirudi nyuma. Alichukua koti lake, akasahau glavu zake mezani.

Lorna akapiga simu nyumbani. Ikaita. Ikaita tena. Kaka yangu alipopokea alikuwa anahema.

"Nilikuwa nje kidogo."

"Na koleo?"

"Kifua kinabana, mke wangu. Kitaachia tu."

Mistari ya faili la namna ile haiondolewi. Unaweza tu kuandika juu ya kilichopo, herufi kwa herufi, kwa urefu ule ule. Lorna aliniambia wazi kwamba wazo la kwanza lilikuwa kuweka jina la mtu mwingine. Alimfikiria mtu, na mtu huyo hakunitajia. Aliona haya hata kuwaza hivyo. Basi akajaza nafasi tupu pale palipokuwa na jina la mumewe, mwanzo hadi mwisho. Tarehe haikukubali kuguswa. Mwaka, mtaa, jina la mke, vyote alivifuta. Tarehe ikabaki peke yake.

Akatafuta tena. HALIPO.

Akapiga simu. Kaka yangu alikuwa amelala kwenye kochi, kifua kimeachia, anataka kujua chakula cha usiku ni nini.

Jumapili ilikuja. Lorna hakumwacha hata aende chooni bila kumsubiri mlangoni, naye akawa anamtania kwamba amempenda upya uzeeni. Hakufa. Mchana tulikwenda wote kumwona mama yetu kwenye nyumba ya wazee. Mama hutuhesabu kila tukiingia, kwa kidole, kama alivyotuhesabu tukiwa wadogo tukishuka garini.

"Rosalie," alimwambia dada yetu. "Emil," akaniambia mimi. Kidole kikamfikia kaka yangu.

Kikabaki hewani.

"Mama, ni mimi," kaka yangu alisema.

"Nakujua, mwanangu. Nimekuzaa mimi." Akamshika shavu. "Nilikuita nani?"

Tukacheka. Uzee, tukasema. Rosalie akafungua mdomo amsaidie, kisha akanitazama mimi. Nami nikamtazama Lorna. Lorna alikuwa analia.

Labda umeona kwamba sijamtaja kaka yangu kwa jina tangu nianze. Sikufichi. Nimelala naye chumba kimoja utoto wetu wote, nami silijui. Leseni yake ya udereva ina picha, na kando ya picha, penye jina, ni patupu. Yeye mwenyewe huamka alfajiri, hukaa ukingoni mwa kitanda, humuuliza mkewe taratibu, "Mimi ni nani, Lorna?" Mkewe humjibu, "Wewe ni mume wangu." Hana jingine la kumpa. Kompyuta ya zamani ilichukuliwa Jumatatu, na kila kilichokuwemo kimehamishwa kama kilivyokuwa. Ile tarehe bila mwenyewe imo humo, mahali ambapo Lorna hafiki.

Jumatatu hiyo hiyo asubuhi tulikuta nyayo.

Kaka yangu na mimi tunakaa mtaa mmoja, mimi nyumba ya mwisho. Theluji ilikuwa mbichi. Nyayo zilianza nyumba ya kwanza kwenye kona. Zilipanda hadi mlangoni, zikarudi barabarani. Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu. Haikurukwa hata moja, hata ile isiyo na mpangaji. Mlangoni kwa kaka yangu viatu viwili vilikuwa vimesimama kwa muda mrefu hadi theluji ikayeyuka chini yake. Halafu zikaendelea na nyumba iliyofuata, zikaishia hapo katikati ya barabara.

"Mimi nilikuwa macho," kaka yangu alininong'oneza. "Alikuwa nje ya mlango. Anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuita, halafu haiti. Ningejua nimjibu nini, ningemjibu."

Tangu siku hiyo, kila ikianguka theluji anakuja. Anaanzia kona. Kwa kaka yangu hasimami tena, ila kila safari anafika mbele zaidi. Majirani wanasema ni mtu wa kugawa matangazo mlango hadi mlango. Nawaonea wivu.

Usiku wa kuamkia leo theluji imeanguka kwa wingi. Nimetoka na koleo langu nikasimama pale pale kibarazani. Nyayo zimepita nyumba zote, zimekuja hadi mlangoni kwangu.

Za kurudi nimezitafuta mpaka uzio wa nyuma. Hakuna.