Mwanga Uliokataa Kupungua

Jua lilikuwa linazama nilipofunga karakana yangu ya redio na kwenda kwa mdogo wangu, nimebeba amplifaya ndogo niliyoiunda mwenyewe. Kazi ya muda mfupi tu, nilijiambia. Niiunganishe, tule, nirudi.

Mdogo wangu huchora kwa umeme. Ana mashine ya vitufe na nyaya inayotengeneza picha za mwanga. Tangu wifi yangu, mkewe, afariki alikuwa ameacha kila kitu, hata kuoga alikuwa wa kubembelezwa. Kisha akanunua osiloskopu kuukuu, kile kifaa cha mafundi chenye kioo cha duara kinachoonyesha umeme kwa mstari wa kijani. Akataka picha zake zitokee humo.

Tatizo, mashine ilitoa volti moja tu, na kifaa kile kilitaka tano ndipo mwanga usambae kioo kizima. Picha ilikuwa ndogo kama punje ya mchele.

"Dada, ni yeye," alininong'oneza, akiigusa ile punje kwa kidole. "Ikuze nimwone."

Sikubishana. Mtu aliyefiwa humbishii. Nikaiweka amplifaya kati ya vifaa viwili, nikazungusha kitufe polepole.

Punje ikawa ukucha. Ukucha ukawa kiganja. Kisha... bega. Shingo. Nywele.

Mwanamke, ametupa kisogo.

Mdogo wangu alilia bila sauti, paji la uso limegusa kioo. Harufu ya udongo mbichi ikaingia chumbani, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Mwanamke akageuka.

"Dada..." Mdogo wangu alijing'oa kiooni. "Huyu si yeye."

Nikarudisha kitufe hadi mwisho. Mwanga haukupungua. Nikang'oa waya wa mashine. Bado. Nikachomoa plagi ukutani, na kioo kikafifia taratibu hadi ikabaki nukta moja ya kijani. Nukta ikateleza hadi ukingoni.

Haikuzimika. Ilitoka.

"Twende kwangu," nilisema, nikimvuta mkono.

"Siwezi. Amesimama mlangoni."

Nilipita mlango huohuo peke yangu. Kitu cha baridi kilinigusa sikio.

Aliyemuuzia kifaa nilimfuata kesho yake. "Kilikuwa cha fundi mmoja," alisema bila kunitazama. "Alikuwa akiongea nacho. Mimi sikuuliza."

Mama alikwenda kumsihi mdogo wangu atoke, akarudi na machozi yake. Binamu zetu wakaenda kumtoa kwa nguvu. Walitoka mbio bila yeye, na mpaka leo hawasemi waliona nini.

Juzi jioni nilimpelekea chakula. Alifungua mlango kidogo. Amekonda sana, lakini ameoga, shati limepigwa pasi.

"Niingie, mdogo wangu?"

"Subiri kwanza."

Akageuza shingo kutazama gizani nyuma yake. Akatega sikio. Akaitikia kwa kichwa.

"Amesema usiingie, dada. Samahani."

"Nani?"

"Jina hajaniambia."

Akapokea sufuria, akaurudisha mlango kwa adabu. Nilibaki pale, mikono mitupu. Nikasikia ndara zake zikiburuzika hadi chumba cha nyuma, kisha kiti kikilia alipokaa.

Ndipo komeo la mlango, hapohapo mbele yangu, likasukumwa kutoka ndani.