Simu Iliyokwenda Masomoni

Drr, drr, drr. Gizani, simu ilitetemeka ndani ya sahani ya bati juu ya kabati. Syntiche huiweka humo ili aisikie hata akiwa jikoni. Umeme ulikuwa umekatika tena pale mtaani Makomeno. Alijipangusa mikono kwenye kitenge, akaichukua. Masomo yalikuwa yanaanza.

Syntiche aliacha shule alipopata mimba ya Keren. Sasa Keren ana miaka saba, na mama yake amejiandikisha kwenye masomo ya jioni yanayofundishwa kwa simu. Anataka kufanya mtihani wa serikali na kupata diploma. Mwalimu wake, Bwana Chisanga, hufundisha akiwa nyumbani kwake, na kila mwanafunzi humsikiliza akiwa kwake.

Lakini saa ya masomo ndiyo saa ya bukari, ugali wa jioni. Léonard, mume wake, anarudi kutoka kazini na njaa. Tena jioni batri ya simu huwa imebaki kidogo.

Basi kila jioni Syntiche alifanya hivi. Aliingia kwenye masomo, jina lake likaonekana kwa mwalimu. Kisha akampa Keren simu aipeleke kwa Mama Ngalula, jirani anayeuza samaki wakavu wa ziwani kutoka Kilwa, mwenye umeme wa jua nyumbani kwake. Simu ilikaa pale katikati ya samaki, ikichajiwa, na mwalimu akiongea ndani yake. Syntiche alirudi kwenye mbabula, jiko lake la makaa, kusonga bukari.

Hakuwa na nia mbaya. Alifikiri kwamba masomo ni kama kilio. Kwenye kilio, kama huwezi kwenda, unatuma unga na makala, yaani makaa ya kupikia, kwa mkono wa jirani, na wafiwa wanasema umefika. Jina likifika, mtu amefika.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Kifaransa chake, lugha ya masomo, kilikuwa kimeshika kutu. Aliona haya kufungua mdomo mbele ya wenzake.

Jioni moja Léonard alitaka simu ampigie kaka yake. Keren alimjibu, "Simu iko ku masomo."

Léonard alicheka mpaka akakaa chini. "Basi itapata diplôme mbele ya mama yako," alisema. Syntiche naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa ndani ya chungu.

Siku iliyofuata Bwana Chisanga aliwaita wanafunzi mmoja mmoja waeleze somo. Alipofika kwa Syntiche, aliita, akangoja. Akaita tena. Mama Ngalula alikuwa anahudumia mteja. Alisikia jina la jirani yake linaitwa bila jibu, akaona si vizuri. Alibonyeza simu hapa na pale kwa kidole chenye magamba, mpaka sauti yake ikapita.

"We bwana, usimwite tena. Syntiche haiko hapa. Iko kwake, anasonga bukari. Simu yake tu njo iko hapa, inakunywa courant ya jua."

Hakujua namna ya kufunga. Darasa zima likaendelea kumsikia akimwambia mteja kwamba samaki huyu si wa kuangaliwa, ni wa kununuliwa.

Syntiche alipokuja kuchukua simu, Mama Ngalula alimpa habari kwa furaha. "Nimekujibia, mama Keren. Ule mwalimu wako anaita sana." Syntiche alimshukuru kwa sauti ndogo. Njiani alifungua simu. Mwenzake mmoja alikuwa ameandika: "Madame Syntiche, samaki ya Kilwa ni bei gani leo?" Chini yake kulikuwa na vicheko vingi.

Masikio yake yalipata moto. Kesho yake hakuingia kwenye masomo, wala keshokutwa yake. Aliilaza simu kifudifudi ndani ya sahani. Alimwambia Léonard kwamba réseau, yaani mtandao, hakuna. Keren alikuwa amekaa pale. Alijua kwamba réseau ipo. Alimtazama mama yake, kisha akaitazama sahani. Kwa Syntiche, macho yale yalikuwa mazito kuliko vicheko vyote.

Asubuhi moja Bwana Chisanga alipiga simu mwenyewe. Syntiche aliiacha ilie. Keren akaibeba pamoja na sahani yake, akamletea mama kama anayempelekea mgeni chakula. Syntiche akapokea.

Mwalimu hakumgombeza. Alimuuliza hali ya mtoto na ya nyumba. Kisha akamweleza kwamba mwisho wa mwezi atapeleka majina ya watakaofanya mtihani. Hawezi kupeleka jina la mtu ambaye hajamsikia hata mara moja.

Syntiche alianza kusema habari ya réseau. Akaiacha katikati. Halafu akasema, "Niko na haya, maître. Kifaransa yangu inakwama. Nilizani kama jina imefika, inatosha. Ni kama makala ya kilio."

Bwana Chisanga alimjibu. "Makala inaweza kufika ku kilio bila weye, mama Keren. Masomo hapana. Inaomba masikio yako, na kinywa chako."

Akamfundisha namna ya kufanya. Achaji simu mchana, jua likiwa bado lipo. Wakati wa masomo azime picha, abaki na sauti tu, na batri itadumu. Awaambie watu wa nyumbani saa ya masomo. Akipatwa na jambo, amjulishe mwalimu mapema, kisha asikilize somo lililorekodiwa na kumtumia sauti yake, aseme alichoelewa na ambacho hakuelewa. Na kila somo aulize swali moja. Kifaransa kikikwama, amalize kwa Kiswahili, na neno watalitafuta pamoja.

Jioni Syntiche alimwambia Léonard yote, pamoja na habari ya samaki. Safari hii Léonard hakucheka. Alisema bukari ipikwe mapema, mboga ataipasha moto mwenyewe. Siku ya kwanza aliiunguza, akaila hivyo hivyo.

Jioni hiyo ya kwanza Syntiche alikaa kwenye mkeka, Keren pembeni yake. Mwalimu alipoomba maswali, alifungua sauti. Mtu mmoja akasema, "Ah, samaki imefika." Wengine wakacheka. Haya ilimpanda tena mpaka shingoni. Lakini hakufunga.

"Maître, je n'ai pas compris..." Kifaransa kikakwama. Akaendelea kwa Kiswahili. "Sikuelewa pale pa mwisho. Tafazali, rudilia."

Mwalimu alirudia polepole. Baadaye yule mcheshi wa samaki aliandika kwamba hata yeye alikuwa hajaelewa, na kwamba anamshukuru mama.

Mwisho wa mwezi, jina la Syntiche lilipelekwa pamoja na majina ya wenzake.

Sasa majirani wote wanajua saa yake, isipokuwa wanaosahau. Juzi jioni Mama Ngalula alikuja na samaki mkononi, akaita nje mama Keren yuko wapi. Syntiche alikuwa kwenye mkeka, karibu kabisa na mlango, akimjibu mwalimu. Hakugeuka.

Keren alisimama, akaenda mlangoni.

"Mama iko ku masomo."