Nilikunywa Pombe ya Suluhu, Mama Yangu Akalala Chini ya Ukuta

Nina miaka ishirini na sita, nimeishia kidato cha nne, nina watoto wawili na mdogo bado ananyonya. Nimepanga chumba kimoja hapa Kasulu pamoja na mama yangu mzazi, ambaye hawezi tena kusimama. Ninayoyaandika sikuhadithiwa na mtu. Yamenikuta mimi, na mengine nimeyafanya mimi mwenyewe!

Mwaka 2012 mume wangu alipata kiwanja pembeni ya mji. Yeye alikuwa ananunua maharage Mabamba na kuyaleta Kasulu, hivyo wiki nzima yuko njiani. Nani atajenga? Mdogo wake wa Kibondo, fundi. Ningesemaje? Kwao kumpa kazi fundi wa nje wakati ndugu yupo ni kama kumtukana baba mzazi.

Mimi nililinda vifaa kama ninavyolinda watoto. Nondo zilipoletwa, nilichukua rangi ya bluu ambayo jirani alibakiza kwenye geti lake, nikapaka ncha za kila nondo. Mji huu nondo zina miguu! Shemeji alinicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, unazipaka rangi za kucha? Zinaenda harusini?"

Nilicheka naye. Mjinga mimi...

Siku moja kabla ya kumwaga zege la lenta, ule mkanda wa juu unaofunga kuta zote, mume wangu aliniambia niende Kibondo. Baba yake ananiulizia sana, nikamsalimie. Nikambeba mwanangu Neema mgongoni nikaenda. Niliporudi siku ya tatu, lenta imeshamwagwa na mbao za paa zimeshafungwa. Nikamshukuru shemeji kwa kuwahi. Ndiyo, nilimshukuru!

Tulihamia mwaka 2013. Nyumba ilipendeza jamani. Bati jipya, plasta laini, rangi ya krimu. Ndugu walikuja wakapiga vigelegele.

Mvua za kwanza tu, mlango wa chumba cha nyuma ukakataa kufunga. Shemeji akasema mbao zimevimba, akauranda. Baada ya wiki mbili ukakataa tena, akauranda tena. Mara ya tatu nikaona ufa juu ya fremu, kijiti cha kiberiti kinaingia chote. Akaupaka plasta, akapiga mluzi, akaondoka.

Mimi sikuridhika na hilo. Mwalimu jirani yangu alinielekeza kwa mzee mmoja, fundi sanifu mstaafu, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua madarasa mapya kabla watoto hawajaingia. Sikumwambia mtu. Nikamleta.

Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Alipita na nyundo ndogo, akigonga ukuta na kusikiliza kama daktari. Akateremsha timazi kwenye ukuta wa nyuma, na hata mimi niliona kamba inaachana na ukuta. Alikwangua kidogo kwa msumari, mchanga ukamiminika kama unga. Kisha akapanda kwenye stuli, akachokonoa lenta juu ya ule mlango. Akashuka, akanisogezea stuli.

"Mama, njoo uone mwenyewe."

Nikapanda. Ndani ya zege mlikuwa na mwanzi. Mwanzi! Ule wa kujengea mabanda ya kuku!

Aliandika karatasi mbili kwa mkono wake. Mstari wa mwisho aliupigia mstari chini: chumba cha nyuma asilale mtu mpaka ukuta ubomolewe na lenta imwagwe upya. Akaniambia, "Binti yangu, nyumba hii imevishwa vizuri, lakini haina mifupa."

Mume wangu aliporudi nilimpa karatasi. Nilitegemea ang'ake, amtafute mdogo wake. Badala yake aliniuliza, "Nani alikutuma?"

Jumapili iliyofuata tuliitwa Kibondo kwa baba mkwe. Ukoo mzima umekaa, na chungu cha pombe ya ndizi katikati, mirija imesimama. Nikajua kesi ni yangu.

Shemeji alianza. "Umeleta mtu baki anipige nyundo kama anakagua ng'ombe wa mnada!" Mama mkwe akadakia kwamba wenye shule ndivyo tulivyo, tunaamini karatasi kuliko damu. Nikawaambia kuna mwanzi ndani ya lenta, nimeuona kwa macho yangu. Shemeji akajibu kwamba ni kipande kimoja kiliangukia humo bahati mbaya. Watu wakacheka!

Baba mkwe akanisogezea mrija. Akasema tukishakunywa chungu kimoja maneno yameisha, na atakayeyafufua amevunja nyumba ya mwenzake.

Nikauliza, "Na chumba cha nyuma je, baba?"

"Kiangazi nitakuja kukitengeneza," shemeji akasema. "Kunywa, shemeji, pombe inapoa."

Wakacheka tena. Mume wangu alikuwa anatazama chini. Nikainama... nikavuta. Mafunda matatu. Karatasi za yule mzee, mama mkwe alizichukua, na jioni nilimwona anawashia jiko.

Kiangazi kilikuja kikapita. Shemeji hakutia mguu.

Mwisho wa mwaka 2014 nilijifungua mtoto wa pili, na mama yangu akaja kunilea, kama mama wote wanavyofanya. Alale wapi? Nyumba ina vyumba viwili na sebule. Kwetu mama wa mke hawezi kulala sebuleni ambako mkwewe wa kiume anapita na taulo, ni aibu isiyofutika. Kilibaki chumba cha nyuma.

Mama aliingia, akaweka mfuko wake, akasema, "Chumba kizuri hiki, mwanangu. Kina hewa."

Hewa ya ufa!

Mara tatu nilisimama pale mlangoni nikitaka kusema. Mara ya kwanza mume wangu alinikazia macho. Mara ya pili nikakumbuka ule mrija. Mara ya tatu nilijiambia ni wiki chache tu. Kwa nini sikusema? Niliogopa kuitwa mvunja nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa inavunjika!

Ilikuwa mchana, mvua kubwa imetoka kukatika. Mimi niko jiko la nje naogesha mtoto. Mama amejinyoosha kidogo. Nilisikia mlio kama lori linamwaga mawe... nikageuka, ukuta wa nyuma haupo.

Majirani walifukua kwa mikono. Lenta ilikuwa imemlalia mama kiunoni. Walipoinyanyua ilikatika vipande, na mianzi ikachomoza kila mahali. Dereva mmoja wa bodaboda akasema kwa sauti, "Jamani, hii ni nyumba au banda?" Tulimbeba mama hadi hospitali juu ya ule mlango uliokataa kufunga. Siku ile ndiyo ulipata kazi.

Daktari alisema hatatembea tena.

Shemeji hakuja hospitali. Wiki ya pili nikapanda basi kwenda Kibondo kumfuata. Alikuwa anajijengea fremu ya duka barabarani, nguzo zimesimama, nondo zimechomoza juu zikisubiri zege. Ncha zake zina rangi ya bluu!

Nilikaa chini kwenye vumbi. Kisha nikampigia simu mume wangu, nikamwambia ninachokiona. Akasema, "Nilijua. Ni mdogo wangu, Mama Neema, ningefanyaje? Alisema angerudisha."

Ndiyo maana nilitumwa kwenda kusalimia!

Nimeondoka kwenye nyumba ile na watoto wangu. Polisi nimekwenda, na yule mzee amekubali kuandika karatasi zake upya na kusimama mbele ya hakimu. Ukoo umetuma watu, umetuma tena na chungu. Nilikipiga teke mbele yao.

Lakini kuna swali ambalo hakimu hataniuliza. Mama aliniuliza siku ile nilipotoka Kibondo, nikiwa namgeuza kitandani. "Ulijua?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Aligeuzia uso ukutani. Siku mbili hakusema nami. Siku ya tatu aliomba uji, akanywa, akasema, "Basi waambie na wengine."

Ndiyo nawaambia. Wanawake wenzangu, mkijenga leteni mkaguzi kabla plasta haijapakwa, hata kama fundi mmezaliwa naye tumbo moja. Akinuna, anune! Siku ya lenta msikubali kutumwa popote. Na ukishaijua hatari iliyomo ndani ya nyumba yako, usikubali mtu akufunge mdomo kwa mrija. Mimi nilivuta mafunda matatu tu... na kila asubuhi namgeuza mama yangu kitandani.