Mtoto Asiyetumwa Maji

Jioni hiyo nyumba ya Mama Mwasiti, mtaa wa Birere, ilikuwa tulivu. Watoto walikuwa wamerudi kutoka ziwani na bidoni za maji, naye alikuwa anasonga bugali. Ndipo mdogo wake alipoingia na binti yake Asma, wa miaka minane. Aliomba amwache kwa muda mfupi tu. Alikuwa anakwenda mji wa Kiwanja kumtafuta mumewe, na akirudi atamchukua. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Mama Mwasiti alimpokea mtoto vizuri, labda vizuri mno. Kwao, watu wa asili ya Maniema, mgeni hafanyi kazi. Asma alipewa samaki wa kwanza, hakutumwa maji, hakukaripiwa hata alipovunja kikombe. Shuleni hakuandikishwa, kwa kuwa angeweza kuondoka wakati wowote. Ndugu zangu, tusiharakishe kumhukumu mama huyu. Alikuwa amechoka kama sisi sote, na heshima aliyoijua ndiyo hiyo.

Siku moja Asma alimuuliza, "Mama mukubwa, na miye nitaenda ku maji siku gani?"

"Kaa tu, mwanangu. Uko mugeni. Mama yako iko njiani."

Miezi ikapita. Hemedi, mtoto wa Mama Mwasiti, akazoea kumwambia, "Mugeni, sogea tufagie." Asma alisogea.

Asubuhi moja hakuonekana. Mama Mwasiti aliuliza sokoni, akauliza msikitini, kisha akapanda pikipiki kufuata barabara ya Sake, akiwaza atamwambia nini mdogo wake. Alimkuta huko Mugunga, karibu na mahali ilipokuwa kambi ya waliokimbia vita, ambako mtoto aliwahi kuishi na mama yake. Alikuwa kwa Mama Angèle, jirani yao wa zamani, akichambua makaa ya kuuza, mikono myeusi hadi viwiko.

"Alikuya kutafuta mama yake," Mama Angèle alisema. "Nikamwambia kambi haiko tena. Akaniomba kazi. Kumbe kwako munamukalisha kama bibi arusi, na arusi yenyewe haiko."

Mama Mwasiti hakucheka. Asma hakuinua macho.

"Huku wananituma," alisema.

Mama Mwasiti alimshika mkono hivyo hivyo, na makaa yake. "Ukitoka tena bila kuniambia, utaniona. Sawasawa na Hemedi. Unasikia?"

Mtoto alilia, kwa mara ya kwanza tangu mama yake aondoke, akauficha uso katika kitenge cha mama yake mkubwa. Walirudi pamoja. Mama yake hajapatikana mpaka leo.

Fundisho

Tunapopokea mtoto kwa muda, hatujui muda huo utakuwa mrefu kiasi gani, naye hajui. Tusimweke mlangoni akingoja. Aandikishwe shule, atumwe, akaripiwe na kupendwa kama wenzake, huku tukiendelea kuwatafuta wazazi wake. Wakipatikana, ataondoka akiwa na kwao pawili. Wasipopatikana, atakuwa na kwao.