Kiapo cha Mselem

Alhamisi ile kituo cha mabasi cha Kandara kilifurika watu, kwani Jedda ya miaka ya mafuta haikuwa na wa kukaa bure. Wahida aliinama kufunga kiatu, kijana akampita mbio, na buibui lake jipya likachanika toka kiunoni hadi pindoni.

"Lo! Wewe mchinjaji?" alifoka, akiona visu vikichungulia mkobani mwa kijana.

"Mchinjaji wapi, bibie! Hivi viatu vya kuchezea barafuni."

"Barafu? Na joto hili?"

"Wallahi. Kampuni ya wageni imejenga uwanja. Njoo uone, na buibui nitakununulia jingine."

Aliitwa Mselem, asili yao Unguja, kama kina Wahida. Shati lake jeupe lilinyooka kama karatasi, na jino la mbele halikuwepo. Buibui alilinunua kweli. Toka hapo simu ya nyumbani kwa kina Wahida haikupoa.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Na wewe leo umebakisha meno mangapi?"

Utani huo ulificha hofu. Mpira wa magongo aliocheza Mselem kule barafuni ulikuwa wa damu: watu waligongana vifua, wakapasuana nyuso. Na Wahida, akiwa mtoto Unguja mwaka wa sitini na nne, wa mapinduzi, alimwona baba yake akipigwa marungu mpaka akakata roho.

"Mwanamume wa ngumi simtaki," alimwambia Mselem. "Hata akinipenda vipi."

Mselem akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hatampiga mtu tena uwanjani.

Fainali ilichezwa Riyadh. Wahida na kaka yake Haidar walikaa mbele ya televisheni. Mchezo ukiwa ukingoni, barafu ikageuka nyekundu. Mselem alitupa gongo lake, akamvaa mtu na kumshindilia ngumi ya uso, ya pili, ya tatu, hadi yule akalala. Halafu kikombe. Halafu Mkuu wa nchi mwenyewe akashuka jukwaani, akamshika bingwa mkono, akimpongeza kwa furaha. Mselem alimnong'oneza jambo. Wahida hakungoja, alizima televisheni.

Simu ikalia.

"Wahida, nisikilize…"

"Nimeona kwa macho yangu. Halas, yamekwisha."

Kesho yake Mselem alibisha hodi nyumbani kwa kina Wahida, Kandara. Haidar alifungua, kifua wazi, msuli ameukaza kiunoni.

"Umemwapia Mungu, ukamdanganya dada yangu!"

Ngumi ilimpata mdomoni. Ya pili ikampasua nyusi. Mselem aliyumba, akaipeleka mikono nyuma, akaifumbata. Haidar akazidi kupiga, damu ikitapakaa ukutani, na mikono ile haikutoka nyuma.

"Mrudishie basi!" Haidar alilia kwa hasira.

"Nitampigaje shemeji yangu?"

Wahida alijitupa katikati. Hapo ndipo alipomwona mlangoni Pius, Mkenya mlinda lango wa timu ya Mselem, kichwa kizima kimefungwa bandeji.

"Sista, huyu ameniokoa," Pius alisema. "Nilikuwa chini, jamaa ananipiga gongo la kichwa, refa haoni. Mselem asingekuja ningekufa. Na Mkuu alipomwambia aombe zawadi, unajua aliomba nini? Amwombee dua! Eti amevunja kiapo."

Wahida alimtazama Mselem, damu ikimchuruzika shatini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniachia nafasi, mpenzi? Kiapo nimekivunja kweli. Nina kafara ya kulisha maskini kumi. Nikishamaliza na Mola wangu, nitakuja kukuposa. Ukikataa, nitamshukuru Mungu vilevile."

Wahida alifuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akamfuta yeye damu.

"Wali wa maskini nitaupika mimi," alisema.

Ijumaa, baada ya sala, maskini walikaa mkekani kando ya kituo kile kile, sinia za pilau zikifuka moshi. Kwenye sinia ya wenyeji, mkono wa Haidar ulikuwa umevimba hata hakuweza kushika tonge. Mselem akafinyanga moja, akalipeleka mdomoni mwake.

"Fungua kinywa, shemeji. Bismillahi."

Haidar akafungua, macho yakimlengalenga machozi. Akatafuna, akameza.

"Ndoa Ijumaa ijayo," alisema. "Nami ndiye walii wa kukuozesha."